Mtoto akichelewa kuongea, anza na masikio, si ulimi

Mama mmoja aliingia chumbani kwangu na mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu. Alifuatana na mama mkwe wake, na mkobani alikuwa na kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni isichakae. Nikaifungua. Ilikuwa kadi ya kupigiwa mfano: uzito ulipimwa kila mwezi na mstari haukuwahi kushuka, chanjo zote zimeandikwa tarehe, matone ya vitamini A na dawa za minyoo hazikurukwa. Shida yao ilikuwa moja tu.

"Haongei, daktari," alisema bibi. "Na udata tumeshamkata mara mbili."

Mara ya kwanza alikatwa akiwa na mwaka na nusu. Mara ya pili alikuwa na miaka mitatu, kwa sababu waliambiwa ule wa kwanza haukukatwa vizuri. Hapo katikati walikwenda kumwona daktari, akawaambia wasubiri kwa kuwa watoto wa kiume huchelewa.

Nilimwita mtoto kwa jina akiwa amenipa mgongo, anachezea kiti. Hakugeuka. Nikaita kwa nguvu zaidi. Hakugeuka. Mama yake alipomgusa bega aligeuka mara moja, akanitazama usoni, akatabasamu.

Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba hasikii kwa masikio yote mawili. Historia yake ilitupa dalili kuwa huenda ilikuwa hivyo tangu wiki za kwanza za uhai wake: alizaliwa njiti, akapata manjano makali, akakaa wodini karibu mwezi mzima. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo siku zote hizo nikimbembeleza, alikuwa hanisikii?"

Sikuweza kumlaumu daktari aliyewaambia wasubiri. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, mimi mwenyewe nimewaambia wazazi maneno hayohayo: "Subirini, ataongea tu." Makala ya leo ni ya kuufuta ushauri huo, na kukueleza, mzazi mwenzangu, kwa nini haufai.

Masomo huanza kabla ya kuzaliwa

Tumezoea kuhesabu lugha ya mtoto kuanzia neno la kwanza. Kabla ya hapo tunamwona kama mgeni ambaye hajafika. Utafiti wa miaka 50 iliyopita unasema vingine: lugha hukaa masikioni muda mrefu kabla ya kufika mdomoni.

Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito masikio ya mtoto tayari yanafanya kazi, na sauti inayomfikia zaidi ni ya mama yake. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wachanga wasiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na mashine ya sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo mmoja alisikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine alisikia ya mwanamke mwingine. Vichanga wale walibadili unyonyaji wao ili wamsikie mama.

Miezi inayofuata kazi huwa nzito zaidi. Unajua kwamba Wajapani wengi hupata tabu kutofautisha "r" na "l", kama baadhi yetu ambao lugha za nyumbani kwao hazitenganishi sauti hizo. Lakini watoto wa Kijapani wa miezi 6 hadi 8 huzitofautisha sawasawa na watoto wa Kimarekani. Wakifika miezi 10 hadi 12, wa Kijapani uwezo huo hupungua na wa Kimarekani huongezeka. Haya yalionyeshwa na Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2006. Maana yake ni kwamba kabla mtoto hajatimiza mwaka, ubongo wake umekwisha kuchagua: sauti za nyumbani unazinoa, zisizosikika unaziacha.

Tena kuna kazi ya kukata maneno. Sisi tunapoongea hatuachi nafasi kati ya neno na neno kama tunavyofanya kwenye maandishi. Mtoto husikia "njoounyonyemwanangu" kama mkufu mmoja. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 silabi za lugha ya kubuni, mfululizo bila kituo, kwa dakika mbili tu. Baada ya hapo watoto waliweza kutofautisha silabi zilizokuwa zikiandamana daima, kama zinavyofanya ndani ya neno, na zile zilizokutana kwa bahati. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wakisikiliza tu.

Kwa hiyo mtoto anapofikisha mwaka, hata kama hajasema neno moja linaloeleweka, msingi wa nyumba umekwisha kuchimbwa. Ukilijua hili, utaelewa kwa nini nasema mtoto asiyesikia hachelewi kuongea pale anapofika miaka miwili. Alianza kukosa masomo tangu siku alipozaliwa, na ishara ya kwanza tunayoiona sisi hutufikia mwaka au miwili baadaye.

Kwa nini "ataongea tu" ni ushauri wa hatari

Ushauri huo una nguvu kwa sababu mara nyingi huwa kweli. Watoto wengi wanaochelewa kuongea wakiwa na miaka miwili huja kuwafikia wenzao, na ni kweli kwamba watoto wa kiume, kwa wastani, huchelewa kidogo kuliko wa kike. Kidogo hapo ni wiki au miezi michache. Si miaka.

Kila familia ina mfano wake. Utamsikia shangazi: "Baba yake naye alinyamaza mpaka miaka mitatu, na leo nani anamnyamazisha?" Mfano huo ni wa kweli, lakini haukuambii kitu kuhusu mtoto uliyempakata. Kwa macho, mtoto atakayeongea mwenyewe baada ya miezi sita na mtoto asiyesikia wanafanana sana. Wote wawili wanacheka, wanacheza, wanaelewa ukiwaonyesha kwa mkono. Kinachowatenganisha ni kipimo. Na kipimo cha masikio hakimdhuru yule ambaye angeongea tu, ilhali kusubiri kunamgharimu sana yule asiyesikia.

Gharama hiyo imepimwa. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, walitoa matokeo ya kuwalinganisha watoto 150 wenye tatizo la kusikia. Watoto 72 waligunduliwa kabla ya kufikisha miezi 6, na 78 waligunduliwa baada ya hapo. Wote waliogunduliwa walipewa msaada. Miongoni mwa watoto wenye akili ya kawaida, waliogunduliwa mapema walikuwa na lugha bora zaidi, awe tatizo lake ni dogo au kubwa, familia yake ina uwezo au haina. Kilichowapa nafuu ni kuwahi.

Ulimi hauna kosa

Sasa tuuseme udata. Ni kweli kuna watoto ambao uzi wa chini ya ulimi ni mfupi. Uzi huo unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na kwa wachache unaweza kuharibu matamshi ya baadhi ya sauti. Lakini haumzuii mtoto kuelewa maneno, wala haumzuii kuyasema. Mwenye udata atasema "mama", "baba" na "maji", hata kama "r" yake itakuwa ya kusuasua. Mtoto asiyesema neno lolote hana shida ya uzi.

Kukatwa kwa wembe mtaani kunaweza kumletea mtoto kutokwa damu nyingi na maambukizi. Lakini hasara kubwa ninayoiona mimi ni muda. Familia ikishakata udata inaona imetibu, na inakaa mwaka mwingine ikingoja matokeo. Mtoto niliyeanza naye alipoteza miaka mitatu namna hiyo.

Masikio yanapimwaje

Wazazi wengi hujipimia nyumbani. Wanagonga sufuria nyuma ya mtoto, anashtuka, wanatulia. Kipimo hicho hudanganya. Mtoto anaweza kuhisi mtikisiko wa sakafu, akaona kivuli chako, au akasikia kishindo kikubwa lakini asisikie sauti nyembamba za maneno. Wapo watoto wanaogeuka ngurumo ikipiga ambao hawasikii "s" wala "f".

Jambo jingine linalowadanganya wazazi ni kwamba mtoto asiyesikia naye hutoa sauti. Miezi ya mwanzo hulia, hucheka na huguna kama wengine. Tofauti hujitokeza kuanzia nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, pale wenzake wanapoanza kupanga silabi, "ba-ba-ba", "ma-ma-ma", na yeye hafanyi hivyo, au hupunguza sauti badala ya kuongeza.

Hospitalini tuna njia bora, hata kwa kichanga. Moja ni mashine ndogo ambayo kichwa chake huwekwa kwenye tundu la sikio wakati mtoto amelala. Hutoa sauti, kisha hupokea mwangwi unaotoka ndani ya sikio lenyewe. Nyingine hubandikwa kichwani na kusoma jinsi mishipa ya fahamu inavyoipeleka sauti kwenye ubongo. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Nchi nyingi tajiri humpima kila mtoto kabla hajatoka hospitali. Huku kwetu watoto wengi hurudi nyumbani bila kupimwa, na vifaa hivi vipo zaidi kwenye hospitali kubwa za rufaa. Ndiyo maana jukumu la kuuliza linakuangukia wewe.

Uliza mapema zaidi, bila kungoja dalili yoyote, kama mtoto wako alizaliwa njiti au na uzito mdogo sana, alipata manjano makali, alichelewa kulia alipozaliwa, aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyopanda kichwani, kama mama alipata rubela akiwa mjamzito, au kama kwenye ukoo kuna watu waliozaliwa viziwi. Baadhi ya dawa za sindano zinazookoa maisha ya vichanga, kama gentamicin, zinaweza pia kuathiri masikio. Tafadhali usizikatae dawa hizo mtoto anapozihitaji. Omba tu masikio yapimwe akishapona. Na sikio linalotoa usaha mara kwa mara si la kuzoea. Litibiwe.

Akigundulika, kuna njia

Wapo wanaohitaji kusafishwa au kutibiwa sikio tu. Wapo wanaosaidiwa na kifaa cha kusikia kinachovaliwa sikioni. Wapo ambao kifaa hicho hakiwatoshi, nao huweza kufaidika na kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Upandikizaji nao hauponi sheria ya kuwahi: unavyofanyika mapema ndivyo lugha inavyoshika.

Na ipo lugha ya alama, ambayo wazazi wengi huiogopa wakidhani itamfanya mtoto asiongee kamwe. Watoto waliozaliwa na wazazi viziwi wanaotumia lugha ya alama hufikia hatua za lugha kwa umri uleule kama wanaosikia. Mwaka 1991 Laura Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba watoto hao, kabla ya alama yao ya kwanza, huchezesha vidole kwa mpangilio, kama vile wenzao wanavyosema "ba-ba-ba". Ubongo wa mtoto una njaa ya lugha. Haujali sana kama chakula hicho kinapitia sikioni au machoni. Kinachoumiza ni kuukalisha na njaa.

Mtoto anasikia vizuri, lakini haongei

Masikio yakionekana salama, hatuishii hapo. Tunaangalia kama mtoto anakutazama machoni, anajibu jina lake, anakuonyesha vitu kwa kidole ili nawe uvifurahie. Mtoto ambaye hafanyi haya anahitaji kuangaliwa kama ana usonji au tatizo jingine la makuzi. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, mlete haraka.

Tunauliza pia kuhusu nyumbani. Siku hizi napokea watoto wanaoshinda na simu tangu asubuhi, na mzazi ananiambia kwa fahari kuwa katuni ni za Kiingereza. Naomba uujue utafiti mmoja. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichukua watoto wa Kimarekani wa miezi 9 wakawakutanisha na wazungumzaji wa Kichina mara 12, wakisomewa vitabu na kucheza nao sakafuni. Kundi jingine lilipata Kichina hichohicho kwa muda uleule, lakini kwenye video au kwa sauti iliyorekodiwa. Waliocheza na mtu wakaweza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video na wa sauti hawakupata chochote kuliko watoto ambao hawakusikia Kichina kabisa.

Mtoto hujifunza lugha kwa mtu anayemtazama na kumjibu. Katuni haimjibu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya runinga wala simu, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku.

Huhitaji kununua kitu. Unapomwogesha, mwambie unaosha mguu. Unapochambua mchele, mwambie. Akiguna, mjibu kama vile amesema jambo la maana, kisha nyamaza umpe zamu yake. Mama anayeuza genge anaweza kufanya haya, na baba aliyerudi amechoka anaweza kufanya haya kwa dakika kumi. Tumia lugha unayoiweza vizuri. Kama bibi anaongea Kisukuma na wewe Kiswahili, msimnyang'anye mtoto lugha hata moja; lugha mbili hazimfanyi achelewe, mradi unapohesabu maneno yake uhesabu ya lugha zote mbili.

Kadi ya kliniki iongezewe maswali mawili

Nimerudia mara nyingi kuitazama, akilini mwangu, ile kadi ya mtoto yule. Haikukosa mahudhurio. Mama yake alisimama kwenye foleni kila mwezi, mtoto akaning'inizwa kwenye mzani, uzito ukaandikwa. Hakuna aliyemuuliza kama mtoto anageuka akiitwa. Angeulizwa, angejibu, kwa sababu akina mama wanajua. Huko Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakawahoji wazazi ana kwa ana, wakiwemo wasiojua kusoma. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kuwa taarifa za wazazi hao zinaaminika.

Maoni yangu ni kwamba hatuhitaji kungoja mashine kwenye kila zahanati ili tuanze. Kila mtoto huletwa kuchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Hizo ni fursa mbili ambazo tayari tunazo. Muuguzi aulize, ajibiwe, aandike, na anayetia shaka apewe rufaa siku hiyohiyo. Naziomba mamlaka za afya zilifikirie hilo. Lakini wewe usingoje mamlaka.

Miezi 9, jiulize: je, anageuka kutafuta sauti asiyoiona inatoka wapi? Anapanga silabi kama "ba-ba-ba"? Anapofikisha mwaka: anajibu jina lake, anapunga mkono, anaonyesha anachotaka?

Miezi 18: je, ana maneno kadhaa yenye maana? Ukimwambia "lete kiatu" bila kunyoosha kidole, analeta?

Miaka miwili: je, anaunganisha maneno mawili, kama "mama maji" au "taka uji"? Usihofu akiacha viambishi na kusema "taka" badala ya "nataka". Hiyo ni hatua ya kawaida kwa watoto wa Kiswahili. Hofu iwepo kama haunganishi kabisa.

Ukijibu hapana kwa lolote kati ya haya, nenda ukamwambie muuguzi au daktari: "Naomba mwanangu apimwe masikio." Ukiambiwa usubiri, uliza kwa heshima: "Tunasubiri masikio yakiwa yameshapimwa, au hayajapimwa?" Nimeulizwa swali hilo na mama mmoja siku za karibuni, na nilisimama kwenda kuandika rufaa.

Yule mtoto wa kadi safi sasa anajifunza lugha ya alama, na mama yake anajifunza pamoja naye. Wanakwenda vizuri, ingawa walianza wakiwa nyuma kwa miaka minne. Wako ana nafasi ya kutoanza nyuma. Mara utakapomaliza kusoma, subiri akupe mgongo, mwite kwa sauti ya kawaida, uone. Akigeuka, furahi, na uendelee kuongea naye. Asipogeuka, usiguse ulimi wake. Mlete.